Kisahani cha Msasa na Hodi ya Mama Mkwe

Mwenzenu nilijipa ufundi. Niliona mahali kibuyu kimegeuzwa taa ya mezani, kimetobolewa madirisha madogo madogo, mwanga unamwagika ukutani kama nyota, nikasema hii ndiyo ya sebule yetu hapa Nkuhungu, Dodoma. Kibuyu kilikuwepo, kimekaa juu ya kabati miezi na miezi, hakina kazi. Cha nani, sikuuliza. Shida ilikuwa kifaa cha kukatia. Msumeno ungekipasua, na bei ya vile visahani vidogo vya kukatia dukani ilinifanya nione bora tubaki gizani.

Ndipo nikakumbuka kwamba karatasi hukata. Aliyewahi kuchanwa kidole na ukurasa wa daftari anajua. Ukiizungusha kwa kasi, kila sehemu yake inavutwa kwenda nje, na karatasi iliyokuwa ikilegea inakakamaa kama bati. Nikachora duara kwenye manila kwa bikari ya mtoto, nikatoboa katikati, nikapitisha bolti na washa zake mbili, nikakaza nati, nikabana kwenye drili. Weee! Kikakata manila mwenzake, kikakata boksi, kikakata mche wa sabuni vipande vinne. Mke wangu akauliza sabuni imemkosea nani. Nikamjibu hiyo ni sayansi.

Jumamosi alipokwenda soko la Majengo nikashusha kibuyu. Sayansi ikagoma. Manila iliacha mstari wa kahawia na harufu ya mahindi ya kuchoma, basi. Sikuilaumu: drili yangu inazunguka mara 3,000 hivi kwa dakika, wakati zile mashine ndogo za kuchongea zinafika 30,000. Nikahamia kwenye msasa namba 120, vipande viwili vimebandikwa mgongo kwa mgongo. Cha kwanza tundu lilikaa pembeni kwa upana wa punje ya mchele tu, drili ikatetemeka kama bodaboda korongoni. Kisahani kikachora kibuyu mstari wa kilevi, kikakatika, kikaruka ukuta, na kuku wa jirani wakatoa maoni yao. Bahati nilikuwa nimevaa miwani, ingawa ni ya jua, na ni ya mke wangu.

Cha pili nikasema nipime vizuri na gundi iwe ya kutosha. Supa gluu yenyewe mdomo umeziba. Nikatoboa kwa pini, nikaminya, haitoki. Nikaminya kwa hasira. Ikatoka yote, nusu kwenye vidole, nusu kwenye paja, juu ya kaptula ya pamba.

Pamba, ndugu zangu! Hakuna aliyeniambia kwamba supa gluu ikikutana na pamba inachemka. Kwanza nilihisi vuguvugu, nikadhani ni jua la Dodoma. Halafu nikaona moshi. Moshi unatoka kwenye paja langu mwenyewe! Sikumbuki nilivyoivua ile kaptula kwa mkono mmoja, ila niliivua, nikawa nazunguka uwani nikijipepea, nimebaki na nguo ya ndani, miwani ya kike usoni, kisahani cha msasa kimeganda kwenye vidole viwili.

"Hodi humu ndani!"

Ile sauti naijua. Mama mkwe, kutoka Mpwapwa, bila hata kupiga simu, na geti nilikuwa sijalifunga.

Alinigeuzia mgongo upesi, akajifunika uso kwa kanga, akausalimia ukuta kwa Kigogo, "Mbukwa, baba."

"Mbukwa, mama," nikaitika nikiwa nyuma ya tangi la maji. Nilikaa pale mpaka mke wangu aliporudi, na alikuwa amepitia kwa fundi cherehani.

Jioni niliketi mbali, paja lina alama nyekundu ukubwa wa sarafu ya 200, vidole vimezama kwenye beseni la maji ya moto na kile kipande cha sabuni cha sayansi, nikisubiri gundi iachie kidogo kidogo. Mama alikunywa chai yake taratibu bila kutazama upande wangu. Kisha akamwambia binti yake:

"Sikuja kukaa, mwanangu. Nimefuata kile kibuyu changu cha maziwa, niliwaachia mnitunzie."

Mke wangu akatazama juu ya kabati. Kisha akanitazama mimi. Mimi nikaendelea kupaka sabuni.