Seli Imekufa, Lakini Imekufaje?

Kila ninaposoma ripoti inayodai kwamba "seli zilikufa kwa apoptosisi", yaani zilijiua zenyewe kwa utaratibu, macho yangu hukimbilia kwenye ule mchoro wa vyumba vinne: aneksini V kwenye mhimili mmoja, propidiamu ayodaidi kwenye mwingine. Mara nyingi ushahidi wote ndio huo. Msimamo wangu ni kwamba mchoro huo peke yake hauna uwezo wa kukipa kifo jina. Unaweza kutuambia seli ngapi zinakufa au zimekwisha kufa, basi.

Sisemi hivyo kwa kukidharau kipimo. Nakitumia karibu kila wiki, na mantiki yake inapendeza. Utando wa seli una tabaka mbili za mafuta, na aina moja ya mafuta hayo, fosfatidilserini, hukaa tabaka la ndani wakati seli ni nzima. Apoptosisi ikianza, mafuta hayo hugeuziwa nje, na hiyo huwa ishara kwa seli walaji kwamba mwenzao yuko tayari kumezwa. Aneksini V huyanasa yakiwa pale nje. Propidiamu nayo ni rangi nyekundu inayoshika DNA lakini haiwezi kupenya utando usio na tundu. Kwa hiyo seli iliyonasa aneksini bila propidiamu tunaisoma kuwa iko mwanzoni mwa apoptosisi.

Tatizo liko chumba cha juu kulia, zilipo seli zilizobeba vyote viwili. Utando ukishapasuka, aneksini huingia ndani na kuyakuta mafuta yaleyale kwenye tabaka lake la kawaida. Haijalishi nani aliupasua. Seli iliyofika mwisho wa apoptosisi, iliyopasuliwa na nekroptosisi, iliyotobolewa na pairoptosisi (aina nyingine mbili za kifo cha seli chenye utaratibu), hata ile niliyoijeruhi mwenyewe kwa kuing'oa sahanini kwa haraka, zote huishia chumba kimoja. Na tangu 2017 inajulikana kwamba seli za nekroptosisi nazo zinaweza kutoa fosfatidilserini nje kabla utando haujapasuka, kwa hiyo hata chumba cha chini kulia, chenye aneksini bila propidiamu, tulichokiona safi, si cha apoptosisi peke yake.

Nakumbusha pia kuhusu seli zinazomwagwa. Seli zinazokufa huachia sahani na kuelea kwenye majimaji. Mtu akiyamimina majimaji hayo kabla ya kuzing'oa zilizobaki, amewatupa marehemu na kwenda kuhesabu manusura. Nimeona hilo likifanywa na watu makini kabisa, kwa mazoea tu.

John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walipoandika neno apoptosisi mwaka 1972, hawakuwa na aneksini wala mashine ya kuhesabu seli zilizopakwa rangi. Walichukua neno la Kigiriki linalohusu kupukutika kwa majani, na walilitumia kwa kile walichokiona kwenye hadubini: seli inasinyaa, kromatini, yaani DNA na protini zake, inajikusanya, kisha seli yote inagawanyika kuwa vifurushi vidogo ambavyo kila kimoja kimefungwa na utando wake. Jina lilitokana na umbo. Baadaye zikaja njia za kusoma DNA iliyokatwakatwa, ile ngazi ya vipande vya takriban jozi 180 za besi na vizidisho vyake, kisha mwaka 1992 TUNEL, inayotia alama kwenye ncha za DNA iliyokatika. Ni njia zenye manufaa, lakini DNA hukatika hata kwenye nekrosisi, kifo cha seli kisicho na utaratibu, na TUNEL haiulizi aliyeikata ni nani.

Kuhusu MTT nitasema kidogo. Kipimo hicho huonyesha kama seli bado zina nguvu ya kugeuza kemikali ya njano kuwa zambarau. Seli zilizoacha kugawanyika tu, bila hata moja kufa, zitatoa zambarau hafifu. Kuyaita matokeo hayo "kifo" ni kosa.

Lililonibadilisha ni jaribio letu wenyewe. Tulikuwa na kemikali iliyoziua seli vizuri. Baada ya saa 24 chumba cha juu kulia kilijaa, nasi tukaandika apoptosisi kwenye daftari. Mwenzetu mmoja akauliza swali dogo: mmeizuia kaspasi? Tukaweka z-VAD, inayofunga kaspasi, vimeng'enya vinavyoendesha apoptosisi. Seli zikafa vilevile. Tukaweka nekrostatini-1 kuzuia nekroptosisi, pia zikafa. Jioni moja tukaongeza ferostatini-1, inayokinga mafuta ya utando yasioksidishwe. Asubuhi nilipoiweka sahani chini ya hadubini, seli zilikuwa zimekaa chini, zimetanuka, kingo zao zinaonekana vizuri, na ndani ya sahani ya jirani isiyo na ferostatini kulikuwa na mabaki yanayoelea. Kizuizi cha chuma, deferoksamini, kikatoa jibu lilelile. Ilikuwa feroptosisi, kifo cha chuma na mafuta yaliyooksidishwa, kilichopewa jina mwaka 2012 na kundi la Brent Stockwell pamoja na Scott Dixon. Mchoro wetu haukukosea hata namba moja. Jina ndilo lililokuwa si lake.

Ndiyo maana ninaiamini zaidi njia ya kufunga mlango na kuangalia nani anapona. Nayo ina mitego. Kaspasi-8 huzizuia RIPK1 na RIPK3, protini zinazoanzisha nekroptosisi, kwa hiyo ukiifunga kwa z-VAD unaweza kuisukuma seli kutoka apoptosisi kwenda nekroptosisi. Kifo kinaendelea nawe unadhani kaspasi haikuhusika. Hapo lazima protini zenyewe ziulizwe: kaspasi-3 imekatwa? PARP, protini ambayo kaspasi huikata, imeshuka kutoka kilodaltoni 116 hadi 89? MLKL, inayopasua utando katika nekroptosisi, imebeba fosfati? Gasdermini D, inayoutoboa katika pairoptosisi, imekatwa? Na kaspasi-3 ikikutana na gasdermini E huikata, kisha seli iliyoanza kwa apoptosisi inavimba na kupasuka kama ya pairoptosisi. Nani ataliona hilo kwa picha moja ya saa 48? Kwenye sahani hakuna seli mlaji wa kumeza vifurushi, kwa hiyo hata apoptosisi ya kweli mwishowe hupasuka. Inabidi seli ileile ifuatiliwe saa hadi saa.

Naling'ang'ania jambo hili kwa sababu vifo hivi haviachi mwili katika hali moja. Apoptosisi kwa kawaida hupita kimya. Pairoptosisi na nekroptosisi humwaga yaliyomo ndani ya seli na kuamsha kinga ya mwili, hata sehemu hiyo ikavimba. Seli ya saratani iliyojifunza kuikwepa apoptosisi inaweza bado kuwa dhaifu mbele ya feroptosisi, na anayesoma jina letu lisilo sahihi atatafuta dawa kwenye njia ambayo seli haikupita.

Wenzangu husema maabara nyingi hazina fedha za vipimo vyote hivi. Nakubali, na sidai vyote. Asiyeweza kununua vizuizi aandike alichokiona. Kwenye daftari letu, safu iliyokuwa na neno "apoptosisi" sasa inasomeka: aneksini ndiyo, propidiamu ndiyo, saa 24, njia haijapimwa.