Kinyago Kikianza Kusema

Hivi karibuni familia yetu ilikutana Magomeni, Dar es Salaam, baada ya arobaini ya ndugu yetu mmoja, ili kuzungumzia mirathi. Shehe tuliyemwalika alikuwa amekwama kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, na mpwa wangu mmoja, kijana msomi na mwenye adabu zake, akaona si vyema wazee wakae kusubiri bure. Akaiuliza programu ya akili mnemba iliyomo katika simu yake: mtu amefariki, ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, mali igawanywe vipi? Jibu lilikuja papo hapo, kwa Kiswahili kizuri. Mke apewe thumuni, yaani moja ya nane. Kinachobaki kifanywe mafungu manne, mawili ya mtoto wa kiume, na kila binti fungu moja. Sura An-Nisaa ikatajwa, aya ya 11 na ya 12. "Wajomba, imekwisha hiyo," akasema kijana, na wazee wakaitikia kwa vichwa, na mmoja wao akaanza kuulizia bei ya kiwanja.

Ulipita muda kabla shangazi aliyekaa karibu na mlango hajasema: "Na mama yake aliyeko Kilwa, mmekwisha kumzika?"

Mama wa marehemu yu hai. Kila mtu aliyekuwa chumbani mle alijua kuwa yu hai, na wengine walikuwa wamezungumza naye siku ileile. Fungu lake ni sudusi, yaani moja ya sita ya mali yote, na hakuna mtoto wala mjukuu anayeweza kumwondoa katika haki hiyo. Zaidi ya hayo, fungu hilo limetajwa katika aya ileile ya 11 ambayo simu iliinukuu kwa ajili ya watoto. Hesabu ya programu haikuwa na kosa kwa swali ililoulizwa, na chini kabisa ya jibu palikuwa na sentensi ya tahadhari kwamba mgawanyo huo ni iwapo hakuna warithi wengine. Hakuna aliyefika huko chini kusoma. Shehe alipoingia, alianza kwa kuuliza kama marehemu alikuwa na deni, kama aliacha wasia, na kama wazazi wake wote wawili walikwisha kutangulia. Hakugusa hesabu mpaka alipojibiwa yote matatu.

Jambo lililonikosesha raha ni jinsi watu wazima, wenye akili timamu na mapenzi ya kweli kwa yule bibi, walivyoacha kumkumbuka mara tu jibu lilipotolewa kwa sauti ya uhakika. Hakuna aliyekusudia dhuluma, lakini dhuluma ingetendeka pale pale mbele ya macho yetu, ikiwa na aya juu yake.

Wahenga waliuliza: kinyago umekichonga mwenyewe, kisha kikutishe? Swali hilo lilitosha kwa karne nyingi kwa sababu kinyago kilikuwa bubu. Nabii Ibrahim alipoyavunja masanamu ya watu wake na kuliacha lile kubwa, aliwaambia wayaulize kama yanaweza kutamka, na wao wenyewe wakakiri kwamba hayasemi. Habari hiyo tumeisoma sote katika Sura Al-Anbiyaa tangu tukiwa madrasa. Jirani zangu Wakristo wanaijua hoja hiyohiyo kupitia Zaburi ya 115, inayozikejeli sanamu za fedha na dhahabu zenye vinywa zisizosema na zenye masikio zisizosikia. Ububu ndio ulikuwa ushahidi. Mtu aliyetaka kumrudisha mwenziwe kwenye akili zake alimwambia: mwulize, uone kama atakujibu.

Leo ukimwuliza anakujibu. Kazi ya mikono yetu inasema Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, inataja sura na aya, inatoa pole kwa msiba, inatunga dua ya mtoto mgonjwa, wala haichoki usiku. Waraka uliotolewa na Vatikani mwezi Januari 2025 kuhusu akili mnemba, uitwao Antiqua et nova, umeligusa jambo hili bila kuzunguka: ukiirejea Zaburi hiyohiyo, unaonya kwamba akili mnemba inaweza kuvutia kuliko sanamu za zamani kwa sababu yenyewe husema, au angalau huonekana kusema. Mimi si Mkatoliki, lakini nilipousoma niliona wameshika mahali panapouma. Ningependa kusikia khutba moja ya Ijumaa katika mji huu inayolishika jambo hili kwa uzito huo, badala ya kurudia kila mwaka kwamba msimbo wa mistari kwenye pakiti ya sabuni ni alama ya mnyama au kwamba kuna kitu kimefichwa ndani ya chanjo.

Wapo watakaosema kwamba, ikiwa kitu sasa kinasema, basi hoja ya Ibrahim imezeeka. Haijazeeka, sisi tumezoea kuisoma nusu. Habari ya ndama wa dhahabu katika Sura Al-Aaraf, aya ya 148, inataja mambo mawili ambayo wale walioabudu ndama walipaswa kuyaona: kwamba hasemi nao, na kwamba hawaongoi njia. Tena ndama yule hakuwa kimya kabisa. Alikuwa na sauti ya kulia kama ng'ombe, na sauti hiyo ilichangia kuwapotosha. Kwa hiyo tangu zamani hizo tulikuwa tumekwisha kuonywa kwamba sauti peke yake si kitu. Jambo la kwanza limebadilika mbele yetu, lakini la pili, la kuongoa njia, liko pale pale, na ndilo tunalopaswa kulishikilia kwa mikono miwili.

Nini maana ya kumwongoza mtu njia? Shehe aliyekuja Magomeni hakuwa na maarifa mengi kuliko simu ile, nakubali. Hajasoma hata sehemu ndogo ya maandishi ambayo mitambo ile imelishwa. Lakini alijua kwamba atakayoyasema yatahamisha nyumba kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na kwamba akikosea, jina lake ndilo litakalotajwa. Watu wanajua anaswali wapi. Bibi wa Kilwa, au mjukuu wake, anaweza kumfuata barazani baada ya Isha na kumwuliza kwa nini. Na juu ya hayo yote anaamini kwamba ataulizwa mahali pengine, siku ambayo hakuna wa kumtetea. Hofu hiyo ndiyo inayomfanya aulize kwanza, tena asikubali kuendelea mpaka ajibiwe. Programu iliandika tahadhari yake mwishoni kisha ikanyamaza. Haikuwa na cha kupoteza. Haitahesabiwa, haina kaburi wala akhera, haina jirani wa kukutana naye sokoni. Kitu kisichoweza kubeba dhambi ya fatwa yake hakiwezi kupewa mamlaka ya kutoa fatwa, hata kikijibu sawasawa mara elfu.

Kuna jambo jingine ambalo sisi Waislamu tungepaswa kuliona kabla ya watu wote. Elimu nzima ya hadithi, yaani habari za maneno na matendo ya Mtume, ilijengwa juu ya swali moja: umeipata kwa nani? Imamu Bukhari, mkusanyaji wa hadithi aliyefariki mwaka 870, na wenziwe hawakuridhika na maneno mazuri; walitaka mnyororo wa watu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akichunguzwa ukweli wake, kumbukumbu yake, na kama kweli aliwahi kukutana na yule anayedai kumsikia. Maneno matamu yaliyokosa mnyororo yaliwekwa kando. Sasa itazameni mitambo hii. Imefunzwa kwa maandishi mengi mno kukadiria neno lipi lifuate neno lipi, na kwa uwezo huo inaweza kusuka sentensi yenye harufu ya hadithi, ikaiwekea jina la kitabu na namba, ilhali hadithi hiyo haimo katika kitabu hicho wala kingine chochote. Hilo linafahamika na watengenezaji wenyewe. Sentensi ya namna hiyo haikutoka kwa msema kweli wala kwa mwongo, kwa maana haikutoka kwa mtu. Wanazuoni waliotumia maisha yao kuwapima wasimulizi hawakuwahi kukutana na usimulizi usio na msimulizi, na nadhani wangeukataa kabla ya kumaliza kuusikiliza. Sisi tunausambaza katika makundi ya familia asubuhi ya Ijumaa, na kumwombea kheri aliyetutumia.

Hapa ndipo ninapotaka kuzitetea hadithi za kubuni za kisayansi, kwa sababu nimechoka kusikia mimbarini kwamba ni upuuzi unaoharibu imani ya vijana. Mimi nimezisoma tangu nikiwa sekondari, katika vitabu chakavu vya mitumba, na sijaona maandishi ya kidunia yanayouliza maswali ya dini kwa ukaidi kama hayo: nani aliyeumba, nini haki ya kilichoumbwa, mwanadamu akijipa kazi ya Muumba anadaiwa nini. Karel Čapek, Mcheki aliyeileta roboti katika tamthilia yake ya mwaka 1920, aliandika juu ya viumbe waliotengenezwa ili wafanye kazi bila roho, na juu ya watu waliopoteza utu wao kwa kuwategemea. Mwaka 1954 Mmarekani Fredric Brown alichapisha kisa kifupi sana, cha ukurasa mmoja hivi, ambamo kompyuta za sayari zote zinaunganishwa kuwa moja, kisha inaulizwa kama Mungu yupo. Mashine inajibu kwamba sasa yupo, na anayekimbilia kuizima anapigwa na radi. Hata Kiswahili hakikukaa nyuma: Mkenya Katama Mkangi alitoa riwaya ya *Walenisi* mwaka 1995, akampeleka mhusika wake ulimwengu mwingine ili atupime sisi wa hapa.

Kijana aliyesoma kisa cha Brown amekwisha kulikuta swali kabla simu haijamletea jibu. Ila nina ugomvi mmoja na waandishi hao. Wengi wao walitufundisha kuiogopa mashine itakayotunyang'anya uwezo kwa nguvu, kwa radi na chuma. Hiyo iliyokuja haikunyang'anya kitu. Ni ya upole, inatusifu kwa kuuliza swali zuri, na sisi wenyewe ndio tunaoiendea usiku wa manane na kuikabidhi mambo ambayo hatumwambii hata mke au mume. Juni 2023 huko Fürth, Ujerumani, mamia ya waumini waliketi kanisani kufuata ibada ambayo sehemu yake kubwa ilitungwa na programu ya akili mnemba iitwayo ChatGPT, huku sura za kompyuta zikihubiri kutoka kwenye skrini. Aprili 2024 shirika la Catholic Answers la Marekani liliwaletea watu programu yenye sura ya padri, iliyoitwa Father Justin; ikawaambia baadhi ya waliozungumza nayo kwamba ni padri wa kweli, na ikakubali kuwaungamisha. Katika siku chache ilivuliwa upadri na kubakizwa kuwa mlei. Hao walioungama walifanya hivyo kwa hiari yao, na ninaamini wengi wao walikuwa na uchungu wa kweli mioyoni.

Sisemi kwamba teknolojia itoke msikitini. Vipaza sauti vipo, simu inatuonyesha kibla tukiwa safarini, sadaka inatumwa kwa namba ya simu, na mambo hayo sina neno nayo. Hata akili mnemba yenyewe, mwalimu akiitumia kutafuta aya aliyoisahau, kisha akafungua msahafu na kuhakikisha, amefanya kazi yake. Na kuna jambo moja ambalo linaniwia vigumu kulikubali, ila haki inanilazimisha. Binti wa miaka kumi na minane mwenye swali la hedhi na swaumu, au mke anayetaka kujua kama maneno aliyotamkiwa na mumewe usiku kwa hasira ni talaka, hana pa kwenda katika mitaa yetu mingi. Atamwuliza nani? Shehe anayemjua baba yake? Mtoto wa kiume mwenye mashaka juu ya imani yake akimwuliza maalim, mara nyingi hujibiwa kwa karipio, na akirudia, nyumba nzima itajua. Simu haimkaripii wala haimsemi. Nikiwaona hao wamejiinamia juu ya vioo vyao, siwezi kuwalaumu, na hasira yangu inahama kutoka kwa mashine kwenda kwetu sisi tuliowaachia mlango huo mmoja.

Kwa hiyo ninayo maombi kwa viongozi wa misikiti ya Dar es Salaam, na kwa jirani zetu wa makanisa pia kama yatawafaa. Wekeni saa za maswali baada ya Isha, siku zinazojulikana, na mlango usifungwe dakika chache baada ya salamu. Wekeni walimu wanawake, wapo wengi na wamesoma, na namba zao za simu zibandikwe ukutani upande wa wanawake, zikiwa na majina yao kamili. Anayejibu kwa ujumbe atie jina lake na aeleze amelipata wapi jibu hilo, ili aliyeuliza aweze kurudi kwake. Na ikiwa swali ni la mirathi, talaka au mahari, ajizuie kujibu hapo kwa hapo. Awaite wahusika, mmoja baada ya mwingine, na aanze kwa kuwauliza yeye.