Nyama ya ng'ombe wa majani tunayo, tuangalie inavyotufikia

Kuna ubishi nausikia sana hapa Dar, mmoja anasema nyama ya maana ni ya ng'ombe aliyekula majani maisha yake yote, mwingine anasema hiyo unatafuna mpaka taya linauma, bora ya ng'ombe aliyenenepeshwa kwa mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, na pumba. Sasa wote wanasahau kwamba nyama nyingi ya bucha zetu ni ya majani tayari. Hawa ng'ombe wa kienyeji wenye nundu wanaotoka Shinyanga, Simiyu, Singida, wengi hawajawahi kuonja mashudu, wanatoka na mchungaji asubuhi wanarudi jioni basi.

Wanaoisifia wana hoja. Ina mafuta machache, omega-3 zaidi, yaani aina ya mafuta yenye faida mwilini, na yale mafuta ya njano ambayo wateja wanayakimbia wakidhani ng'ombe mzee mara nyingi ni karotini tu, rangi ya asili inayotoka kwenye majani mabichi.

Ila ngumu ni ngumu kweli, tusidanganyane. Ng'ombe wetu anachinjwa akiwa na miaka 4 au 5 hivi, na kabla ya hapo anapakiwa kwenye lori, akitokea Mwanza mpaka mnada wa Pugu hapa Dar ni zaidi ya kilomita 1,000, anafika amekonda amechoka, na ng'ombe akichinjwa kwenye hali hiyo nyama inakuwa nyeusi na kavu. Halafu anachinjwa usiku, asubuhi nyama inaning'inia buchani bado ya moto, mchana ipo jikoni kwako. Haijakaa kwenye baridi hata siku moja ilainike, lawama zote yanabebeshwa majani!

Kwangu hoja nzito ya upande wa pili ni ardhi, kwa sababu majani hayo yana mwenyewe. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni kule Kilosa kwenye ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mwaka 2006 serikali ikawatoa wafugaji na mifugo yao Ihefu, bonde la Usangu, ikisema wanaukausha mto Ruaha Mkuu unaopeleka maji kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, wakati mifereji ya mashamba ya mpunga nayo ilikuwa inavuta maji yale yale. Familia zilihama na ng'ombe wakafia njiani, inaniuma mpaka leo. Kwahiyo mtu akiniambia nyama ya malisho haina madhara kwa mtu yeyote, hapana, sikubali. Na ng'ombe anayechelewa kukua anatoa methani, gesi inayoongeza joto duniani, miaka mingi zaidi kwa nyama ile ile.

Mimi naona njia ya kati inafaa, akue kwa majani halafu amaliziwe miezi mitatu kwa mashudu ya pamba, ambayo kanda ya ziwa yapo. Lakini mfugaji mdogo ahangaike ya nini kama bucha nyingi zinajua steki na mchanganyiko tu, ng'ombe kijana na mzee bei moja? Hapo mteja ana nguvu kuliko anavyodhani. Mi nauliza ng'ombe katoka wapi, naangalia mhuri wa mkaguzi maana ugonjwa wa kimeta si mchezo, na nikiambiwa huyu ni kijana naongeza hela bila kubishana. Mwenye bucha wangu mwanzo alinishangaa nilivyomwambia aniwekee kilo mbili kwenye friji nizifuate kesho kutwa, sasa hivi ananiwekea bila kuuliza, na majirani wawili nao wameanza kuagiza hivyo hivyo.