Ablesheni ya moyo haipimwi kwa vifo peke yake

Tangu matokeo ya CABANA, jaribio lililolinganisha ablesheni na dawa, yachapishwe mwaka 2019, kauli moja haishi kurudiwa: ablesheni, yaani kuunguza sehemu za moyo kwa katheta (mrija mwembamba) ili mapigo yatulie, haina maana, dawa zinatosha. Ushahidi wake ni tarakimu mbili. Kati ya wagonjwa 2,204 ambao vyumba vya juu vya moyo hupapatika ovyo, waliofikwa na kifo, kiharusi kikali, kutokwa damu vibaya au moyo kusimama ni asilimia 8.0 upande wa ablesheni na 9.2 upande wa dawa. Tofauti ndogo mno kuthibitisha lolote.

Hesabu siikatai. Nakataa kuisoma nusu. Waliopangiwa dawa walikuwa 1,096, na 301 kati yao waliishia kufanyiwa ablesheni, huku matokeo yao yakibaki kuhesabiwa upande wa dawa. Kuhesabu hivyo ni halali, maana ukiruhusu watu kuhamishwa makundi, ulinganisho wote unaharibika. Lakini zaidi ya robo! Sioni mtu akikubali kupenyezewa mrija kutoka kinenani hadi moyoni ilhali vidonge vinamtosha. Isitoshe, jaribio hilohilo lilionyesha mpapatiko ukirudi kwa karibu nusu tu ya kasi ya upande wa pili, na wagonjwa wakiishi kwa nafuu zaidi.

Nafuu ya kujidhania, wakosoaji walisema. Hoja ya haki, na ilijibiwa mwaka 2024: katika jaribio la SHAM-PVI baadhi ya wagonjwa walifanyiwa utaratibu wa kuigiza bila kujua. Muda wa moyo kupapatika ulipungua kwa asilimia 60 kwa waliotibiwa kweli na 35 kwa wengine. Na kwa wenye moyo uliodhoofika, jaribio la CASTLE-AF la 2018 liligusa hata uhai: kifo au kulazwa kwa moyo kushindwa kazi kuliwapata asilimia 28.5 ya waliofanyiwa ablesheni, na 44.6 ya waliotumia dawa.

Hata hivyo, madhara yapo na yasifichwe. Damu inaweza kujaa kwenye mfuko wa moyo na kuubana, kiharusi kinaweza kutokea, na michubuko ya kinena ni ya kawaida. Katika miezi miwili mitatu ya mwanzo moyo unaweza kupapatika tena usiku, na mgonjwa ambaye hakuonywa huamini kwamba tiba imefeli, kumbe kovu la ablesheni bado linakomaa. Wengine wataendelea na dawa za kuzuia damu kuganda hata moyo ukitulia, kwa kuwa uamuzi huo hufuata hatari yao ya kiharusi.

Linaloogopesha zaidi ni adimu sana: tundu kati ya moyo na umio (njia ya chakula), ambalo kwa kawaida hujitokeza wiki kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa nyumbani anajiona amepona. Homa, maumivu ya kumeza au dalili za kiharusi wakati huo ni dharura. Aseme mara moja kwamba alifanyiwa ablesheni, ili apigwe picha ya CT ya kifua na asiingizwe kamera kooni, kwa sababu hewa inayopulizwa na kamera hiyo inaweza kupita tunduni na kufika kwenye ubongo.