Kabla ya Kuinua Tuta, Fukueni Bomba

Mji wa mapumziko mlimani unaweza kuwa na wakazi 500 mwaka mzima, kisha likizo ikafika na wageni 3,000. Kwa lita 250 kwa mgeni kwa siku, hizo ni mita za ujazo 750 kila siku, na 45,000 kwa msimu wa siku 60. Ndiyo maana kila bwawa la zamani likijadiliwa, wa kwanza kusimama husema tuta liinuliwe mita mbili. Kwangu mimi hilo ni la mwisho.

La kwanza ni saa nane usiku. Funga maji ya kuingia kwenye tangi la mji, pima kina kinavyoshuka wakati watu wamelala. Uvujaji wa lita moja kwa sekunde hupoteza zaidi ya mita za ujazo 31,000 kwa mwaka. Huenda nusu ya bwawa mnalolitaka iko chini ya barabara zenu.

Kisha bomba la kutolea maji, lile linalopita chini ya tuta. La chuma likishika kutu na kutoboka, maji hupenya kwenye udongo na kubeba chembe zake kidogo kidogo, hadi tuta linakuwa na shimo ndani huku juu majani yamestawi. Maji yanayochuruzika chini ya tuta yakiwa maangavu, yapimeni kila wiki. Yakianza kuwa na tope, shusheni bwawa siku hiyohiyo.

Kubadilisha bomba kunahitaji kukata tuta, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kingo za mkato zilazwe, zisiwe wima. Udongo mpya hukaa chini baadaye, na kwenye ukingo wima huacha ufa. Bomba livikwe zege lenye pande zilizoinama kidogo ili udongo uligandamie. Rudisheni udongo wa mfinyanzi kwa tabaka za sentimeta 15, ukiwa na unyevu wa kushikana kiganjani bila kutoa maji, na karibu na bomba mshindilie kwa mashine ndogo. Pete za zege zilizokuwa zikifungwa kuzunguka bomba msizirudishe: zilizuia ushindiliaji palepale ulipohitajika zaidi. Badala yake wekeni kichujio cha mchanga safi kulizunguka upande wa tuta usio na maji ya bwawa, chenye mahali pa kutolea maji. Valvu ikae upande wa bwawa, ili bomba lisibebe presha ndani ya tuta muda wote.

Mashapo yaondolewe, ila mchimbaji asifike kwenye mfinyanzi wa asili wa sakafuni. Akiutoboa, bwawa litakuwa na kina kirefu na halitajaa.

Njia ya maji ya ziada ipanuliwe kabla ya kufikiria tuta. Kuiziba kwa magunia ya mchanga ili kupata sentimeta 30 za maji ni kuomba mafuriko yapite juu ya tuta, na tuta la udongo halivumilii hilo kwa muda mrefu.

Kujaza kwa mara ya kwanza kusizidi sentimeta 30 kwa siku. Kwenye theluthi na nusu ya kina simameni wiki moja, mkisoma kipimo cha maji yanayochuruzika chini ya tuta. Kikipanda wakati maji ya bwawa yametulia na mvua haijanyesha, msiendelee kujaza.