Maneno 300, na ada ya kuingilia

"Ami, nikate wapi tena?" Kijana aliniuliza hivyo tukingoja feri upande wa Likoni, simu mkononi. Alikuwa na hadithi ya maneno 420 na mashindano yalitaka 300. Sentensi ya kwanza ilisema: "Mama alikuwa amesimama kwenye feri huku akiwa na huzuni nyingi moyoni mwake." Maneno 12. Tukaipindua hadi ikawa: "Mama alishika chuma cha feri, hakugeuka." Sita, na huzuni haijatajwa lakini ipo.

Kwa hiyo wanaosema kikomo cha maneno humnyonga mwandishi hawanishawishi, hasa wakiwa watu wa Mombasa. Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840, alitunga hapa hapa mashairi ya mishororo minne, kila mshororo mizani 16, na ndani yake mkaenea siasa, mapenzi na matusi. Na anayechagua leso Biashara Street kwa kusoma jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, anajua maneno manne yanavyoweza kumkosesha jirani usingizi.

Isitoshe, Kiswahili kina faida ambayo waandaaji hawaihesabu. "Hatukumwambia" ni neno moja. Kiingereza kinahitaji matano. Hadithi yetu ya maneno 300 hubeba mengi kuliko ya Kiingereza. Ubaya wake huonekana ukiitafsiri: inafura, inapita kikomo, na unakata upya kile ulichokwisha kukikata.

Kukata ni jambo moja, kushindana ni jingine. Hapa wapinzani wana hoja. Anayeandika kila mwezi kwa ajili ya majaji huanza kuandika kijaji: maiti aya ya pili, siri mstari wa mwisho. Nimesoma nyingi za namna hiyo hata nikiona mlango unafunguliwa najua nani amekufa nyuma yake. Halafu kuna pesa. Mashindano mengi ya Uingereza hutoza pauni kadhaa kwa kila hadithi. Kwa kijana asiye na kazi, ukituma tano umelipa kodi ya nyumba ya mtu mwingine.

Hata hivyo tuzo hufungua milango, siwezi kukana. Idza Luhumyo, mzaliwa wa Mombasa, alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2022 kwa hadithi fupi. Aliiandika kwa Kiingereza, na hapo ndipo penye mwiba: kijana wa Likoni anayeandika Kiswahili ana milango michache zaidi. Mmoja ni tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola, ambayo haitozi ada na hupokea hadithi za Kiswahili, ila inataka maneno 2,000 hadi 5,000. Yaani aliyejifunza kubana atalazimika kujifunza kutanua.

Mimi nayachukulia mashindano kama saa ya ukutani: yanakwambia lini umalize, wala si kazi yao kukwambia uandike nini. Nilimshauri atafute yale ya bure, asome masharti ya haki za hadithi kabla ya kutuma, na asiibandike Facebook kwanza, maana mengi huhesabu hilo kuwa imeshachapishwa.

Akacheka, akanigeuzia simu. Ilikuwa na "like" 43.