Sikuzimia, Nilikaa Chini Ghafla

Kwanza kabisa, sikuzimia. Nilikaa chini. Ghafla, sawa, na mahali pasipo na kiti, lakini kukaa ni kukaa. Mpiga kinanda wetu, ambaye hadi juzi nilikuwa namwita rafiki, ameshawatangazia watu wote kwamba mwalimu wa sauti "aliishiwa pumzi mbele ya wazazi akadondoka". Na kile kipande cha video nimekiona. Tangu asubuhi natumiwa na watu ambao hatujasalimiana tangu tumalize shule, kila mmoja anauliza kama ni mimi. Ndiyo, ni mimi. Yule mwenye taji.

Sasa naomba nisimulie mwenyewe, maana katika masimulizi yake yule bwana ameruka kitu kimoja muhimu mno. Kitufe.

Wa siku zote mnaijua kazi yangu. Kwa wageni: nafundisha sauti na maigizo ya muziki katika shule ndogo ya sanaa ya jamii, ile aina ya shule ambayo chumba cha kuchezea ngoma ndicho stoo ya mapazia, na mwalimu wa sauti hugeuka fundi cherehani wiki ya onyesho. Tunapokea kila mtu, kuanzia vitoto vilivyong'oka meno ya mbele mpaka mama mmoja mstaafu ambaye akiimba alto, sauti nyingine zote huomba ruhusa. Wanaimba, wanaigiza na wanacheza kwa wakati mmoja na kwa pumzi moja. Ukiwa umekaa kwenye kiti unaona jambo rahisi. Jaribu kupanda ngazi ukiimba, halafu uje tuongee.

Mfalme wa igizo letu alikuwa kijana ambaye tulipomchagua alikuwa na sauti safi ya kitoto. Mazoezi yakiwa katikati, akaanza kubaleghe. Nilimkalisha chini nikampa hotuba ninayowapa vijana wote: koromeo linakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, sauti inashuka karibu oktava nzima (kutoka do hadi do ya chini yake), na njiani humo inakatika-katika bila kuomba radhi. Usione haya, nikamwambia, ni mwili unakua. Hotuba hiyo naipenda. Naitoa kwa upole, nikiwa nimeweka mkono begani. Ikumbukeni.

Basi tukawa tunaushusha wimbo wake kadiri anavyoshuka. Hapo ndipo kitufe kinapoingia. Vinanda vingi vya umeme vina kitufe cha kuhamisha ufunguo, yaani kimo cha wimbo mzima: mpigaji anapiga palepale alipozoea, lakini muziki unatoka juu zaidi au chini zaidi, nusu toni kwa kila bonyezo. Wapiga vinanda wengi wanakitumia na hakuna anayekubali. Wa kwetu alikuwa ameufikisha wimbo wa mfalme nusu toni 3 chini, na kijana akawa anauimba vizuri tu.

Siku ya onyesho kijana akaja, akafungua kinywa kunisalimu, wakanisalimu watu wawili. Haikuwa sauti ya kupeleka jukwaani. Mkurugenzi akanitazama. Mimi nikatazama nyuma yangu. Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Nisiseme uongo, nilikuwa na hamu. Wimbo naujua, nimeufundisha mimi. Taji ni la karatasi ngumu, unalilegeza kwa stepla. Na katika ufunguo wake wa mwanzo wimbo ule unanikaa: sauti yangu ni baritoni, sauti ya kiume ya katikati, nota ya wimbo ya juu kabisa ni G iliyo juu ya C ya kati, na mimi na G tunafahamiana. Nikiibishia hodi kwa adabu, huitikia. Mpiga kinanda akaniambia, "Usijali Mwalimu, nakurudishia ufunguo wa mwanzo." Kutoka 3 chini, anabonyeza juu mara 3, anafika sifuri. Hesabu ya chekechea.

Na kwa kuwa majaliwa hayakuridhika na hilo, kabla pazia halijafunguliwa niliwapa wazazi somo fupi, la kuwaonyesha watoto wao wanajifunza nini. Mada: kwa nini sauti iliyofunzwa haipasuki. Mada nilichagua mwenyewe. Nikawaonyesha na tumbo linavyotanuka.

Wakati wa mapumziko, mashine ya moshi ikakosa soketi. Kuna mtu, simtaji, ana miaka 9 na moyo wa dhahabu, akaona waya ambao haufanyi kazi yoyote ya maana, akauchomoa, akachomeka mashine. Dakika chache baadaye mtu mwingine akakuta kinanda kimekufa, akakitafutia umeme kwingine, kikawaka. Hakuna aliyesema kitu kwa sababu kila mmoja alikuwa ametatua tatizo. Ila kinanda kama kile kikizimika husahau ulichokihamisha. Kilipowaka kilikuwa tayari kimerudi sifuri chenyewe. Kisha akaja bwana yule, gizani, akabonyeza juu mara 3, akakaa, akanyoosha vidole.

Mmeshaiona hesabu ilipo. Mimi niliiona nikiwa tayari naimba.

Ubeti wa kwanza uko chini, kwa hiyo kupandishwa hakukuniumiza. Kinyume chake, nilisikia sauti yangu inang'aa hadi nikajiambia: leo wewe mtu uko vizuri, kwa nini ulikubali kuwa mwalimu tu? Mtauliza sikio langu lilikuwa wapi. Kuna watu wachache wanaosikia nota na kuitaja jina hapohapo. Mimi si mmoja wao. Mimi ni mtu wa do re mi: nipe do yako, zingine nitazipata. Do ikihama nahama nayo, na mizigo yangu yote, wala siulizi tunakwenda wapi.

Kiitikio kikafika. Kileleni pake panatakiwa pawe F. Nikapanda, na nilipofika nikakuta bado kuna ngazi. Shingo ikasimama. Nyusi zikapanda, na wanafunzi wangu wanajua ninavyowasema kuhusu nyusi: nota haikai kwenye paji la uso, acheni kuitafuta huko. Mimi niliitafuta huko na niliipata. Baba mmoja akapiga makofi. Nikamtupia jicho mpiga kinanda, jicho la mtu anayezama. Alikuwa amefumba macho. Anajisikia.

Ndipo nikakumbuka ubeti wa mwisho.

Aliyewahi kuimba maigizo ya muziki anajua ujanja huu: wimbo ukikaribia kuisha, ufunguo unapandishwa ili watazamaji wapate msisimko. Darasani huwa nasema, ufunguo ukipanda maana yake mhusika amekata shauri. Haya. Mhusika alikuwa amekata shauri. Mimi nilikuwa bado najadiliana. G yangu, rafiki yangu wa siku nyingi, haikuwapo tena pale mbele. Pale pake, nusu toni 3 juu zaidi, palikuwa na B bapa, ile iliyo juu ya A ya uma wa kupimia sauti. Ile A ni mitikisiko 440 kwa sekunde, hii ni kama 466. Nyuzi za sauti za mwanaume mzima hazifiki hata sentimita 3, sasa ziambie zigongane mara 466 kila sekunde mbele ya mkurugenzi. Teno, mwanaume wa sauti ya juu, akiigonga nota hiyo anainamia watu. Mimi ni baritoni aliyevaa pazia kuukuu.

Nilikuwa na njia kadhaa, na vipimo vya muziki vichache vya kuchagua. Kushuka oktava? Lakini hapo mfalme anapanda ngazi za kiti chake, mikono juu. Unapandaje kwa mwili huku sauti inateremka kuzimu? Kutumia sauti ya kichwa, nyororo? Mfalme anatangaza utawala, habembelezi mtoto. Kuwageuzia watazamaji maiki waimbe wao, kama wafanyavyo wakubwa? Maiki ilikuwa imebandikwa shavuni kwa plasta. Ningewageuzia shavu.

Ngazi ya kwanza. Ngazi ya pili. Watoto wa kwaya wamepiga magoti pande zote mbili, nyuso zimeelekea juu, macho yanang'aa. (Wale watoto wanaigiza chawa wa ikulu. Kumbukeni na hilo, tutarudi.) Nikafika juu. Nikanyanyua mikono. Nikavuta pumzi, ile ya chini kabisa, ya tumbo, niliyowaonyesha wazazi.

Na mashine ya moshi, ambayo safari hii ilikuwa na umeme wa kutosha, ikanipulizia yote usoni.

Moshi wa jukwaani hauna moto, ni ukungu wa kimiminika maalumu, lakini unakausha koo. Niliumeza kwa ufundi. Kifua kikajaa mandhari ya igizo.

Maneno ni haya: "Mfalme ni mimi!" Nota kubwa iko kwenye "mi" ya mwisho. Huyu "i" ni irabu ya mdomo uliobanwa, na ukiwa juu sana irabu ya namna hiyo inataka ufunguliwe kidogo, uielekeze kwenye "e", koo lipate nafasi. Hilo nalifundisha kila siku. Nikajiambia: fungua.

Nikafungua.

"Mfalme ni mi..." Hadi hapo, safi. Ukisimamisha video hapo, mimi ni msanii. Halafu nikasikia koromeo linaondoka mahali pake na kupanda, taratibu, kuja kuchungulia kuna nini. Kisha kimya. Mdomo uko wazi, mikono iko juu, taji limeshuka kwenye sikio, hakuna kinachotoka. Naapa niliisikia feni ya taa. Kimya kile kwenye video ni nusu sekunde. Mimi nilizeeka mle ndani. Halafu sauti ikarudi, kwa mlango mwingine:

"...me-heee-eeeh!"

Na fundi wa sauti, ndugu yangu mwenye bidii, alikuwa ameniongeza tangu ubeti wa kwanza kwa kuwa ulikuwa chini. Kwa hiyo hakuna aliyekosa. Mpaka mlinzi wa getini alisikia.

Kutoka safu ya mbele kitoto kikasema, kwa furaha ya dhati: "Mama, mbuzi!"

Mngedhani imeisha. Nimewaambia watoto wale ni chawa wa ikulu. Kazi yao katika onyesho hilo ni kurudia kila atamkacho mfalme, namna ileile alivyokitamka. Na nani aliwafundisha? Miezi yote hii, nani alikuwa anapiga meza akisema "msiimbe mnachokijua, imbeni mnachokisikia"? Wakanitazama. Wakavuta pumzi, ya tumbo, wote kwa pamoja. Na wakaimba, kwa sauti tatu:

"Mfalme ni me-heee-eeeh!"

Na kile kimya wakakiweka. Palepale. Watoto ambao tangu tuanze sijawahi kuwafanya wakate neno pamoja hata mara moja, walikata pamoja. Soprano walikuwa na B bapa bila shida, kwao ni nota ya kawaida tu. Mama mstaafu, akiwa upande wa pili wa jukwaa, ambaye hata hakutakiwa kuimba hapo, akaingia na alto yake chini kujaza. Nawaambia bila unafiki: ilipangika. Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kuitoa kwenye kwaya ile.

Hapo ndipo nilipokaa. Kwenye ngazi. Si kuzimia.

Yaliyofuata mengi siyakumbuki. Watu walisimama wakapiga makofi, wakidhani ndivyo ilivyoandikwa, igizo likaisha, nikabandua plasta pamoja na sehemu ya ndevu. Wazazi wakaleta maji, tangawizi na asali, nami nikiwa nanong'ona, jambo ninalowakataza wanafunzi, nikajaribu kuwaeleza kwamba maji hayapiti kwenye nyuzi za sauti, yangepita ungepaliwa. Mmoja akauliza kama somo la ile sauti lipo muhula ujao. Mpiga kinanda nilipomwonyesha namba kwenye kioo cha kinanda alisema "kumbe!" akacheka hadi akaegemea ukuta, kisha akaenda kusimulia bila kuitaja hiyo namba.

Na kijana wangu akanifuata nyuma ya pazia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," tukajibu, mimi na huyo mwingine aliye kooni mwangu.

Akaweka mkono begani kwangu. "Usione haya, Mwalimu. Ni mwili unakua."

Nimevuka miaka arobaini, jamani.

Leo nimekatazwa kusema. Nimekaa na mrija kwenye chupa ya maji, navuma polepole na mapovu yanapanda. Ni zoezi halisi, msicheke: shinikizo linalorudi kwenye mrija linazipumzisha nyuzi. Onyesho la pili ni Jumamosi. Mkurugenzi amesema kijana amepata nafuu na ataimba mwenyewe, ila ile me-heee ya kwaya ibaki, imependwa. Mimi nimekwenda kimyakimya nikakifunika kile kitufe kwa plasta ya maiki, tabaka juu ya tabaka. Mpiga kinanda ameniandikia ujumbe kuniuliza, sasa wimbo wa kijana ataushusha vipi?

Sijamjibu. Napumzisha sauti.